Saa Moja Ndani ya Semi

Simu ya Shangazi Somoe imenifikia ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kanga, na kabla sijaifungua nikasikia harufu ya moshi wa kambale. Shangazi alikausha samaki maisha yake yote. Moshi ule uliingia kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, na kumbe hata kwenye simu. Ni simu ya kitochi, vitufe vimefutika namba, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Binti yake aliivusha Mto Ruvuma wiki ya tatu baada ya mazishi ya mama yake, akanikabidhi mlangoni huku ananitazama kwa udadisi. "Mama alisema hii ni ya Hadija. Hakusema kwa nini." Mimi nilijua kwa nini, au niliogopa kwamba najua, na kwa siku mbili sikuthubutu kuichaji.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Shangani, Mtwara, katika nyumba ya serikali, kwa kuwa Baba alikuwa karani ofisini mjini, na likizo ile Mama alichoka kuniona nikirudi kutoka ufukweni na sketi iliyojaa makombe. Akanipeleka kwa Dada Shabnam. Baba yake Dada Shabnam alikuwa na duka la vitambaa na nyuzi mjini, na yeye alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kumsaidia mzee wake dukani. Nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitenge, aliweka kompyuta mbili na kutufundisha watoto sita JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Moja ya kompyuta hizo haikuwaka mpaka uichokonoe kwa ncha ya penseli. Chumba kilinuka kitambaa kipya na ubani, na mpaka leo nikipita duka la vitenge, vidole vyangu vinataka kuandika.

Somo la kwanza lilikuwa aina za data. "Kompyuta ni mtumishi mtiifu lakini hana akili," alituambia. "Ukimpa kitu, kwanza mwambie ni kitu gani. Ni namba? Ni maneno? Au ni ndiyo na hapana?" Namba ziliandikwa hivihivi. Ndiyo na hapana zilikuwa na maneno yake mawili ya Kiingereza, tukayakariri. Ila maneno, alisema, Waingereza wanayaita uzi, maana herufi zimetungwa moja baada ya nyingine, akachukua gurudumu la uzi mwekundu rafuni akatuonyesha. Na uzi huo lazima ukae ndani ya zile alama tulizofundishwa shuleni: fungua semi, funga semi. "Kilichomo ndani ya semi ni kauli ya mtu. Kompyuta haikihesabu. Inakinukuu tu."

Halafu akatupa zoezi. Mbili jumlisha mbili bila semi: nne. Mbili jumlisha mbili, kila moja ndani ya semi zake: ishirini na mbili. Kompyuta ilikuwa imezibandika tu, mbili na mbili, pua kwa pua. Tulicheka mpaka mzee wake akachungulia kutoka dukani. Nilirudi nyumbani nikamwuliza Baba mbili na mbili ni ngapi, akasema nne, nikamwambia hapana, ishirini na mbili. Akamgeukia Mama. "Mtoto umempeleka kule akasomee ujinga?" Lakini alikuwa anacheka, na jioni ile nilimsikia akimsimulia jirani kwamba binti yake anaongea na kompyuta.

Nataka ieleweke kwamba somo lile nililipata. Sikuwa mtoro wala sikuwa mzito wa kuelewa. Siku iliyofuata Dada Shabnam alitufundisha kutengeneza kisanduku kinachomwuliza mtu swali, mtu akaandika jibu, na akatuonya kwa kidole: "Chochote kinachoandikwa humu, kompyuta inakipokea kikiwa ndani ya semi. Hata kama ni namba. Msisahau kuivua semi zake kwanza." Alilisema hilo, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nacheka na mwenzangu, tunabandika majina yetu na majina ya wavulana.

Sasa Shangazi Somoe. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, binti pekee wa Bibi, na aliolewa ng'ambo ya mto, Msumbiji, na mwanamume ambaye Bibi hakumtaka. Aliondoka bila radhi ya mama yake. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakawa wanaonana misibani na kusalimiana kwa adabu, lakini neno lile la radhi halikutamkwa, na kila mtu katika ukoo alijua kwamba halijatamkwa. Mimi nilimpenda sana. Alikuwa akinipakata hata nilipokuwa mkubwa wa kuona aibu, akinilisha kambale kwa mkono wake na kunichambulia miba.

Tena alikuwa na sifa ya kuchelewa. Ilianza siku ya kuwatoa wanajando, Kitaya, kijijini kwetu. Aliambiwa afike saa moja, hakuambiwa asubuhi. Simu yake aliiweka majira ya Tanzania, lakini kule kwake saa wanahesabu kwa Kireno, moja yao ya mchana ndiyo saba yetu, basi Shangazi akaisubiri simu yake ionyeshe moja, akatokea saa saba mchana amejipamba, ngoma zimekwisha, watu wamelala chali kwa ubwabwa. Tangu siku ile Baba hakumwita tena Dada Somoe. Alimwita Somoe wa Saa Saba. Yeye alicheka pamoja nao, lakini niliona kwamba alicheka kidogo kuliko wenzake.

Likizo yangu ile ndiyo Bibi alizidiwa na uvimbe wa tumbo. Ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Baba aliomba gari kazini limchukue Kitaya limfikishe Mtwara kuwahi ndege ya mchana, na lilipaswa kuondoka kijijini saa moja asubuhi. Bibi alikubali kila kitu kwa sharti moja: amwone Somoe kabla hajapanda gari. "Nataka nimpe radhi yake," alisema. "Siendi kupasuliwa na kinyongo tumboni."

Baba alipiga simu siku nzima. Shangazi hakupatikana, kwa sababu simu yake aliiwasha jioni tu, apandapo kwenye kichuguu kinachoshika mnara wa upande wetu. Ikabidi aandikiwe ujumbe. Baba akakuna kichwa. "Nikimwandikia saa moja atakuja saa saba. Nikimwandikia kwa Kizungu nitachanganya mwenyewe." Hapo nikajitia mbele. Nilikuwa na programu, nikamwambia. Nilikuwa nimeitengeneza kwa Dada Shabnam kwa ajili ya watu kama Shangazi: unaipa saa ya Kiswahili ya asubuhi, inajumlisha sita, inakupa saa ya kwenye simu. Nilikuwa nimeijaribu kwa saa moja na ikasema 7. Baba alinitazama kwa namna ambayo ningefanya lolote nitazamwe hivyo tena. "Basi kaitumie kompyuta yako," akasema, akanipa simu yake. "Mwandikie wewe."

Tatizo ni kwamba katikati hapo nilikuwa nimeipamba. Mwanzoni ile moja niliiandika mwenyewe ndani ya programu, namba tupu. Baadaye nikaweka kisanduku cha kuuliza, kwa sababu kisanduku kilipendeza, na sikuijaribu tena. Siku ile Dada Shabnam alikuwa anafunga duka, bajaji inanguruma nje, Baba ndani yake ananiita. Kisanduku kikauliza saa ngapi. Nikaandika 1. Kompyuta ikanijibu 16.

Niliitazama ile 16. Siwezi kusema sikushtuka. Lakini nilikuwa mtoto aliyeambiwa kwamba kompyuta haikosei, na nikajipa maelezo: ng'ambo ni nchi nyingine, wana bendera yao na hela yao na Kireno chao, kwa nini wasiwe na kumi na sita yao? Na ilipendeza kuiandika, 16:00, ilionekana ya kiofisi. Nikaandika: "Shangazi gari la Bibi linaondoka keshokutwa 16:00 kwa saa zenu. Bibi anataka kukupa radhi. Usichelewe. Ni mimi Hadija." Jioni ileile likaja jibu, "Nimepata. Nitawahi," na Baba akasema alhamdulillahi bila kuuliza nilichoandika.

Tulilala Kitaya. Asubuhi kulikuwa na ukungu juu ya mto, na viboko walisikika wakikoroma upande wa chini. Mama na mimi tulikaa na Bibi kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, miguu yake ikiwa bado nje, imekanyaga ardhi. Alijifunika kanga mpya na alikuwa amechanwa nywele. Hakuyaondoa macho yake mtoni.

"Bibi, ingiza miguu, kuna baridi," Mama alimwambia.

"Nsinisukume. Ntoto wangu anakuja."

Dereva aliwasha gari ili lipate moto. Kwenye dashibodi ikawaka saa ndogo ya rangi ya kijani: 7:05. Nikaitazama saba ile. Saa moja na dakika tano, na gari limeandika saba. Saba, kama programu yangu ilivyosema mara ya kwanza. Kumi na sita ilitoka wapi? Kisanduku. Moja ndani ya semi. Kompyuta haikuijumlisha, iliichukua moja ikaibandika kwenye sita, pua kwa pua, kama tulivyocheka siku ile. Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga ya Bibi, kumi na sita toa sita, na ikaja kumi. Shangazi aliambiwa aje saa kumi jioni.

Nje, mvuvi mmoja jirani yetu alimsogelea Baba. Nyumba ya Shangazi haikuwa mbali na ukingo wa pili, moshi wa jiko lake ulionekana ukungu ukipungua. "Nimfuate?" akauliza. "Robo saa kwenda, robo saa kurudi."

Baba aliangalia mto. "Hapana. Alisema atawahi. Atakuwa njiani, mtapishana."

Mimi nilijua hayuko njiani. Katika watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilijua kwamba moshi ule ni wake, kwamba amekaa jikoni kwake bila haraka. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: Baba, mwambie amfuate. Nikafungua mdomo. Nikamwona Baba amesimama na shati lake la ofisini, baba aliyemsimulia jirani habari za binti yake na kompyuta, nikaufunga. Nilijiambia labda Shangazi ataamua tu kuja. Nilijiambia nitahesabu mpaka mia moja kisha niseme. Nikahesabu mpaka mia moja mara nyingi, macho kwenye ile saa ya kijani, na kila namba ilipobadilika, kusema kukawa kugumu zaidi, maana sasa ningeulizwa kwa nini sikusema kabla.

Saa moja na nusu dereva akaja dirishani. "Mzee, ndege haitungoji sisi." Baba akamwambia bado kidogo. Bibi akauliza kama mtumbwi umeonekana. Saa mbili kasorobo Baba alianza kusema kwa sauti ya chini, meno yamebana, "Somoe. Hata leo, Somoe." Saa mbili kamili akaishika miguu ya Bibi, mmoja mmoja, akaiingiza garini kwa upole, na Bibi hakubisha. Sisi tukashuka. Alitoa mkono dirishani akanishika mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. "Mwambieni nilimngoja," akasema.

Shangazi Somoe alivuka saa nne. Nilikuwa nimekaa ukingoni, Mama amenikataza lakini sikuweza kukaa kwingine. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Alikuwa na kapu la kambale waliokaushwa vizuri, wa kula Bibi huko Dar, na ndoo ndogo ya uji wa mchele, na alishuka kwenye mtumbwi taratibu, akimwambia mpiga kasia jambo, akicheka. Alinyanyua mkono kunipungia. Wanawake waliokuwa wakifua wakamtazama hawakuitika salamu yake. Kucheka kule hawakumsamehe kamwe.

Bibi alifariki siku tatu baada ya upasuaji. Kwenye matanga maneno yalikwenda mbele na nyuma jamvini, na Shangazi amekaa katikati yake. Wengine walisema kwa mafumbo. Baba hakutumia mafumbo. "Mama kakungoja saa nzima miguu nje, Somoe. Saa nzima. Na wewe unakuja unacheka na kapu." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa. Nikajua sasa atatoa simu yake, atawaonyesha, jina langu limo mle, nimeliandika mwenyewe. Shangazi akanitazama, muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto aliyeshika kahawa. Kisha akamgeukia Baba.

"Nilikosea saa," akasema. "Nisameheni."

Nitawaambia nilivyoelewa wakati ule, maana naona aibu. Nilielewa kwamba ameamini kakosea kweli. Nilidhani ameufuta ujumbe, au hajui kusoma saa vizuri kama watu walivyosema, na moyo wangu ukatua. Nilifurahi, ndiyo neno lenyewe. Nililala usingizi mzito usiku ule. Dada Shabnam likizo ilipoisha alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina kichwa cha kazi hii, na hakukosea, ndiyo kazi inayonilisha leo. Kila ninapoandika kisanduku cha kumwuliza mtu namba, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuivua semi zake. Wenzangu ofisini wananitania kwamba nina wazimu wa jambo hilo.

Shangazi aliishi miaka yote iliyobaki na jina lile. Kila harusi, kila msiba, mtu alisema, tusimsubiri Somoe, na yeye akawa anafika alfajiri, kabla ya wenye shughuli, akae peke yake kwenye kiti cha plastiki. Aliendelea kunichambulia miba. Jambo lile hatukulizungumza hata mara moja.

Siku ya tatu niliichaji simu. Iliwaka polepole, na kwenye sanduku la ujumbe hamkuwa na salamu za watoto, hamkuwa na matangazo ya mtandao, hamkuwa na kitu ila ujumbe mmoja. Nilimpigia binti yake kumwuliza. "Mama alikuwa anatufutisha kila kitu," alisema. "Ila huo mmoja, ole wako uuguse." Ulikuwa huo mmoja. Ni mimi Hadija.

Nikachukua bajaji mpaka Shangani. Baba amestaafu, anaishi mtaa uleule, na nilimkuta barazani anavaa viatu atoke kutembea. Nikampa simu, ujumbe ule ukiwa wazi. Alivaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Aliusoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili midomo yake ilikuwa inatembea. Harufu ya kambale ilikuwa imetuzunguka sote wawili.

"Kumi na sita," alisema mwishowe. "Ndiyo saa ngapi hiyo?"

"Saa kumi jioni, Baba."

Akaishusha simu magotini. Akahesabu kwa vidole, kama nilivyohesabu mimi chini ya kanga, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, akafika kidole cha sita akasimama hapo.

"Basi dada yangu aliwahi," akasema.

Akaokota kiatu cha pili, hakukivaa. Kisha akaniuliza bila kunitazama, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumwambia nimejua juzi, baada ya simu kuwaka. Angeniamini.

"Saa moja na dakika tano, Baba. Siku ileile. Miguu ya Bibi ilikuwa bado nje."